Droni ya kwanza Dodoma: jifunze kuirudisha kabla ya kuipeleka mbali

Swali: Kaka yangu ameniletea droni ndogo ya kamera, DJI Mini 3, ile ya gramu 249. Mimi ni mpiga picha za harusi, naishi Kisasa, Dodoma. Nataka nianze na mashamba ya zabibu ya shemeji yangu kule Mpunguzi, halafu baadaye niipeleke kwenye harusi. Sijawahi kurusha kitu chochote. Nianzie wapi ili nisiivunje, na nisije nikakamatwa?

Jibu: Hongera kwa chombo, dada. Kupaa hakutakusumbua hata kidogo: utasukuma kijiti kimoja, itapanda na itasimama hewani yenyewe. Droni nyingi za wanaoanza hupotea zikiwa njiani kurudi. Upepo unakuwa umekaza, betri imebaki kidogo, na urefu wa kurudi uliwekwa kwa kubahatisha siku ya kwanza. Ndiyo maana sehemu kubwa ya jibu hili inahusu kurudi. Lakini kabla hata hujachaji betri, kuna suala la kibali.

Tanzania ina Kanuni za Usafiri wa Anga za mwaka 2018 zinazohusu ndege zisizo na rubani, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Droni inatakiwa kusajiliwa TCAA na kuombewa kibali cha kurushwa, na katika mchakato huo Wizara ya Ulinzi nayo ina kauli yake. Huko Ulaya na Marekani droni iliyo chini ya gramu 250 hupunguziwa masharti, na ndiyo maana kiwanda kimeandika 249 kwa herufi za kujivunia kwenye boksi. Usijipe msamaha huo hapa nchini. Andika pembeni namba ya utambulisho (serial number) iliyo kwenye mwili wa droni, tunza risiti na nyaraka ulizopewa na kaka yako, na unapoomba eleza wazi kwamba unakusudia kufanya kazi za kulipwa. Kazi ya malipo huangaliwa tofauti na kurusha kwa kujifurahisha. Kibali kikitoka, tembea nacho: nakala ya karatasi mfukoni na picha yake kwenye simu.

Dodoma ni mji wa kuchungwa kuliko mingi. Uwanja wa ndege uko katikati ya mji, ndege zinashuka juu ya makazi, na uwanja mpya uko Msalato upande wa kaskazini. Kuna Bunge, kuna Ikulu ya Chamwino, kuna mji wa Serikali Mtumba, kuna gereza la Isanga, kuna kambi za jeshi na JKT Makutupora. Maeneo hayo yote usiyasogelee, hata kama unachotaka ni picha ya machweo tu. Reli ya SGR nayo ina nyaya za umeme juu yake, kwa hiyo kaa nayo mbali. Kwa sababu hizo hizo usijifunzie uani kwako Kisasa. Upande wa kusini, barabara ya Iringa, kuelekea Bihawana na huko huko Mpunguzi, kuna nafasi zaidi na msongamano mdogo. Ukifika, jitambulishe kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji. Kibali cha TCAA hakimwondolei mwanakijiji hofu ya kitu kinacholia juu ya nyumba yake, ila mwenyekiti akijua, mambo yanakwenda.

Faragha nayo ina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa picha za watu wanaotambulika, hivyo ua wa jirani na watu wanaooga mtoni si mandhari ya kupiga.

Ya kumaliza nyumbani

Fanya haya ukiwa na umeme na intaneti nzuri, wala usiyaache ukayafanye shambani. Betri mpya huja ikiwa imelazwa, na haitawaka mpaka uichaji kidogo. Kwa chaja ya USB-C ya wati 30 inajaa kwa zaidi kidogo ya saa moja. Droni lazima iamilishwe kupitia programu ya DJI Fly. Kwa simu za Android, ipakue kutoka tovuti ya DJI wenyewe. Tovuti nyingine zinazogawa faili la programu hiyo usiziamini. Kisha kubali masasisho yote, ya droni, ya rimoti na ya betri, kwa sababu droni inayodai sasisho la megabaiti mamia ukiwa Mpunguzi kwenye mtandao wa kusuasua itakurudisha nyumbani bila kuruka.

Toa kifuniko cha kamera kabla ya kuwasha. Kamera imening'inizwa kwenye gimbali, yaani vimota vidogo vinavyoituliza, na droni ikiwaka tu gimbali hujizungusha kujipima. Ikikuta kifuniko bado kipo, vimota hulazimisha na onyo linatokea. Ukifanya hivyo mara nyingi, utakuja kulipa fundi.

Zitazame propela kwa karibu. Kila mkono una panga mbili, na kuna aina mbili za propela: zenye alama ndogo na zisizo nayo. Zenye alama hufungwa kwenye mikono yenye alama. Ukichanganya, droni haipandi: inapinduka palepale na kula mchanga. Pitisha ukucha ukingoni mwa kila panga. Ukikwama kwenye pengo, hata dogo kama punje ya mtama, badilisha panga zote mbili za mkono huo na utumie skrubu mpya zinazokuja nazo. Panga yenye pengo huleta mtetemo, na video inatoka ikiwa na mawimbi kama ya jeli hata ukiwa na kamera nzuri kiasi gani.

Memori kadi iwe na alama ya V30 au U3, ya gigabaiti 64 au 128. Video ya 4K kwa ubora wa juu hula karibu gigabaiti 45 kwa saa. Ifomati ndani ya droni, siyo kwenye kompyuta.

Hewa ya Dodoma na upepo wake

Mji uko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa joto la nyuzi 30 hewa inakuwa nyepesi sawa na ya mahali palipo karibu mita 1,900, kwa hiyo propela zinazunguka haraka zaidi ili kubeba uzito uleule. Betri inaisha mapema. Zile dakika 38 za kiwandani zilipimwa bila upepo, kwa mwendo wa wastani, mpaka betri ikauke kabisa, na hakuna anayeruka hivyo. Wewe panga dakika 18 hadi 20 kwa betri moja. Hesabu kila safari hivi: ikifika asilimia 50 uwe umeanza kusogea nyumbani, ikifika 30 droni iwe juu ya kichwa chako, na utue ikiwa bado na 25.

Upepo ndio mwalimu mkali zaidi wa kanda ya kati. Kiangazi upepo wa mashariki na kusini mashariki huvuma kutwa, na kuanzia Agosti hadi Oktoba unakuwa na nguvu. Singida jirani unavuma kiasi cha watu kupanga miradi ya umeme wa upepo. Angalia ratiba ya shemeji yako: zabibu Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Agosti na Septemba yanaangukia katikati ya upepo huo. Mini 3 imeandikiwa kuhimili upepo wa mita 10.7 kwa sekunde. Hicho ni kikomo cha chombo. Cha kwako unayejifunza kiwe mita 5 kwa sekunde, yaani kilomita 18 kwa saa. Kwa macho, vumbi likianza kuinuka barabarani na matawi madogo yakicheza muda wote, umeshafika hapo. Na kumbuka unaupima upepo wa chini. Mita 60 juu, pasipo miti wala nyumba za kuuzuia, ni mkali zaidi.

Fanya hesabu hii kichwani kila unaporusha. Katika hali ya kawaida droni hii huenda mita 10 kwa sekunde. Ukiisukuma na upepo nyuma yake, mita 600 unazimaliza kwa dakika moja, na picha ni nzuri mno. Sasa irudishe. Kama huko juu kuna upepo wa mita 7, mwendo wa kurudi unaweza kubaki mita 3 tu. Mita zilezile 600 zitachukua zaidi ya dakika 3, huku mota zikivuta umeme kwa nguvu. Kwa hiyo safari ya kwanza ya kila betri ianze kwa kuukabili upepo. Betri ikiwa imejaa unapambana nao, ikipungua unarudi ukisukumwa nao.

Ukijikuta umekosea na mwendo wa kurudi unasoma mita 2 au 1, usiendelee kupanda. Ishushe taratibu mpaka mita 20 au 15, mradi unaona hakuna mti wala waya, kwa sababu huko chini upepo ni mdogo. Kisha badilisha kwenda hali ya mwendo kasi iliyoandikwa Sport kwenye rimoti. Ikishindikana kabisa, tafuta uwazi ulio salama uitue hukohuko, halafu uifuate kwa miguu kwa kutumia ramani ya programu. Droni iliyotua shambani kwa mtu inapatikana. Iliyozimika angani ikitafuta nyumbani inaanguka popote.

Saa za kujifunzia ni saa 1 hadi saa 3 asubuhi. Jioni, saa 11 mpaka kabla ya jua kuzama. Mchana ardhi ikishapata moto hutokea visulisuli vya vumbi, vile vinavyozunguka na kubeba makaratasi na majani. Kisulisuli hakina onyo kwenye skrini, na droni ya gramu 249 ndani yake haina inachoweza kufanya. Mwanga wa asubuhi na jioni pia ndio unaoonyesha mistari ya mizabibu vizuri. Saa 7 mchana shamba zima linakuwa bapa.

Kitufe cha kurudi

Rimoti ina kitufe cha kurudi nyumbani, RTH. Ukikishikilia, au mawasiliano yakikatika, droni hupanda hadi urefu uliouweka, inanyoosha mstari kuelekea pale ilipopaa, kisha inashuka. Mini 3 ina vihisi vya kutazama chini tu. Mbele haioni kitu. Kama kati yake na wewe kuna mbuyu au mnara wa simu ulio juu ya urefu huo, itaugonga bila kusita.

Watu wengine kwa kuogopa hilo huweka mita 120. Nalo si jema: mawasiliano yakikatika siku ya upepo, droni inajipandisha yenyewe kwenda kwenye upepo mkali kuliko wote na kuanza kupambana huko. Tafuta kitu kirefu kuliko vyote katika eneo unalorusha, ongeza mita 15 hadi 20, weka hapo. Shamba lenye mibuyu na miti tu, mita 40 zinatosha. Kukiwa na mnara wa simu au njia ya umeme wa msongo mkubwa, pandisha zaidi, au bora uhame eneo. Ukibadilisha uwanja, badilisha na namba. Na urefu huo unahesabiwa kutoka pale ulipopaa, siyo kutoka ardhi iliyo chini ya droni. Ukipaa bondeni ukaelekea kilima kama vile vya mawe vya Dodoma, mita 40 zako zinaweza kuwa ndani ya mwamba.

Subiri GPS. Programu itakuambia, na kwa sauti pia, kwamba sehemu ya kurudi imewekwa. Kabla ya hapo usipae. Mwenye haraka akipaa na satelaiti 5, droni inaweza kuandika sehemu ya kurudi ikiwa tayari iko angani, juu ya paa la mtu. Fungua ramani uone alama ya kurudi iko ulipo kweli. Usipaishe kutoka juu ya boneti ya gari, bati, wala zege lenye nondo, kwa sababu chuma kinachanganya dira. Ikikutaka usawazishe dira, sogea hatua 20 kutoka kwenye gari, weka simu nyingine pembeni, fuata mchoro wa skrini. Droni ikipaa na kuanza kuchora duara linalopanuka bila wewe kugusa kitu, dira imevurugika: itue mara moja.

Chini tandika turubai au mkeka wa mita moja kwa moja, ubane pembe kwa mawe. Mchanga wa Dodoma ni mwepesi, na propela zikianza kuzunguka huuvuta hadi kwenye mota na gimbali. Ukimaliza, pangusa mota kwa brashi laini kavu. Usipulize kwa mdomo, mate yanashikisha vumbi.

Betri tano za kwanza

Kwenye mipangilio weka ukomo wa urefu sawa na urefu wako wa kurudi, mfano mita 40, na umbali mita 50, na uzime hali ya mwendo kasi kichwani mwako. Kijiti cha kushoto kinapandisha, kinashusha na kuzungusha pua. Cha kulia kinapeleka mbele, nyuma, kushoto na kulia. Kuanza mota, vuta vyote viwili chini na ndani.

Betri ya kwanza usiende popote. Panda mita 2, achia vijiti, hesabu sekunde 30, sikiliza. Sauti iwe moja, isipande na kushuka. Tua. Rudia mpaka kutua kwako kusiwe na kuruka ruka: ikifika karibu na ardhi itasita kidogo, shikilia kijiti cha kushoto chini mpaka mota zizime zenyewe. Usiidake kwa mkono. Panga ni za plastiki lakini zinakata vidole.

Betri ya pili, chora mraba wa mita 10 kwa 10 ukiwa umesimama nyuma yake, mkia ukikutazama. Ya tatu, ifanye pua ikutazame wewe, kisha chora mraba uleule. Hapa ndipo wengi huvunja, kwa sababu kulia kumekuwa kushoto. Ukichanganyikiwa achia vijiti vyote, itasimama. Izungushe mpaka mkia ukurudie, halafu endelea. Tumia betri nzima kwenye zoezi hili, na nyingine tena ukihitaji. Ni zoezi la kuchosha na hakuna njia ya mkato. Ya nne, chora namba nane ukiunganisha vijiti vyote viwili. Ya tano, nenda mita 50, bonyeza RTH, itazame inavyopanda na kurudi, kisha ifute njiani na umalizie kwa mkono. Kitufe hicho usikutane nacho kwa mara ya kwanza siku ya dharura.

Mara zote uwe na mtu wa pili asiyegusa rimoti. Kazi yake ni kuitazama droni kwa macho yake, kutazama mwewe na kunguru, na kuwazuia watoto, ambao watafika ndani ya dakika 5 hata pale ulipodhani hapana mtu. Mwewe akianza kuizunguka, panda juu wima halafu ondoka. Usishuke, maana yeye hushambulia kutoka juu. Wewe nawe usipotelee kwenye skrini. Kidroni hiki kikipita mita 150 hadi 200 huoni tena pua imeelekea wapi, na huo ndio mpaka wako kwa miezi ya kwanza, hata kama rimoti inaahidi kilomita. Kwa urefu, usivuke mita 120.

Ukifika kwa shemeji, paa kutoka njia ya gari, siyo katikati ya mistari. Waya zinazobeba mizabibu hazionekani kwenye kamera, na kutua kati yake ni kuitafutia droni mtego. Ukipata wazo la kwenda bwawa la Hombolo, usishuke chini ya mita 5 juu ya maji. Vihisi vya chini hutazama maumbo ya ardhi, na maji yanayotembea huvidanganya.

Kuhusu picha, weka fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Kwa kuwa tundu la lenzi hii halibadiliki, jua la hapa litakulazimisha kununua filta za ND, yaani vioo vya kupunguza mwanga, ya 16 na ya 64 zikitosha kuanzia. Bila hizo video inaruka ruka kwenye mistari ya shamba.

Betri usichaji ikiwa ya moto. Iache ipoe dakika 20 hadi 30 kivulini, na usiisahau ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa sababu zaidi ya nyuzi 40 hairuhusiwi hata kuchaji. Ukijua hutaruka kwa wiki, ihifadhi ikiwa na asilimia 60 hivi. Iliyovimba, hata kidogo, haichajiwi tena wala kurushwa. Kwenye ndege ya abiria betri hupanda nawe mkononi, hazikai kwenye begi la mzigo.

Harusi zisubiri mpaka uweze kuirudisha kutoka mita 100 kwa kuitazama angani tu, simu ikiwa imegeuzwa, na kuchora nane bila kusimama pua ikiwa upande wowote. Siku hiyo ikifika na kibali cha kazi kipo, nenda ukumbini siku moja kabla ukaangalie nyaya za taa, kamba za mahema na jenereta vilipo. Ruka kabla wageni hawajajaa, ukae pembeni yao angalau mita 30, kamwe usipite juu ya vichwa. Msafara wa magari upige kutoka shamba la pembeni ukiwa umesimama sehemu moja, usiufuate barabarani. Na mwambie MC mapema kwamba droni inatua kabla fataki hazijawashwa.